Njia Inapita Kwangu

Agosti 18
Jua kali. Tumekata tumbaku ya kujaza vijiti mia nne vya kutundikia, mimi na jirani Dorsey Ketner, ninayemlipa kwa siku. Mgongo umekataa kunyooka. Majani ya mwaka huu ni mapana.

Agosti 19
Mia tatu na hamsini. Mvua ya dakika kumi, haikufika hata kwenye udongo.

Agosti 21
Kumbe majirani wote wanajua ila mimi.

Nilikuwa juu ndani ya bani, banda letu la kukaushia tumbaku, nimesimama kwenye fito za ngazi ya tatu, Dorsey ananipandishia vijiti. Akasema kama mtu anayeuliza saa, "Mzee Hobart, ni kweli Mwalimu anawapa wale watu wa shamba la maiti bonde lenu?"

Nikasema, "Mwalimu gani?"

"Mwalimu ni mmoja tu hapa, mzee. Dada yako."

Nikamwambia aendelee kupandisha. Tumetundika vingine sitini, kisha nikashuka na kwenda kwa Ovella nikiwa bado nanuka utomvu. Alikuwa barazani anamenya maharage. Miaka sabini na moja, miwani imefungwa uzi, ameketi kama bado yuko mbele ya darasa la biolojia.

"Ungeniambia lini?"

"Ukimaliza kukata. Ukiwa na hasira unajikata vidole."

"Bonde la baba, Ovella."

"Bonde langu. Wewe baba alikupa udongo mzuri, mimi akanipa miti na mawe. Siku ile sikukusikia ukilalamika."

"Unajua wanachofanya kule? Wanawalaza watu nje kwenye majani makavu, kama mizoga ya kulungu, halafu wanakaa kuhesabu inzi."

"Najua. Nimekwenda mara nne. Wanajifunza mvua inamfanya nini mtu, na kivuli, na baridi, ili siku polisi akikuta mifupa porini ajue ni ya nani na imekaa pale tangu lini. Na wote waliolazwa pale walijitoa wenyewe, Hobart. Walitia saini wakiwa na akili zao. Sasa pale chuoni wamejaa, na wanahitaji bonde lenye unyevu na kivuli. Mimi ninalo. Nimewapa."

"Na Jewel je?"

Jewel ni mke wangu. Analala juu ya kilima pamoja na wazee wetu, mwaka wa sita huu, na kaburi lake linatazama bonde lile.

Ovella aliweka bakuli chini. "Jewel amefunikwa vizuri na hakuna atakayemgusa. Kutakuwa na uzio, na miti haitakatwa."

"Wataingilia wapi?"

Alivua miwani, akaifuta.

"Nakuuliza, mama mtaalamu. Njia ya kuingia kwenye ekari zako tisa ni moja tu, na inapita kwangu, kati ya bani na kijito. Wataingilia wapi? Watatua na parachuti?"

Akaokota ganda la haragwe lililoanguka. "Nilijua utafika hapo."

"Nimeshafika."

Agosti 22
Vijiti mia tano. Hasira inakata vizuri.

Septemba 2
Amekuja mtu kutoka ofisi ya chuo inayopokea zawadi. Anaitwa Prentice. Viatu vya kwenda harusini. Alileta kofia ya rangi ya chungwa yenye nembo ya timu yao ya mpira, kikombe, na karatasi kurasa sita za kuruhusu magari yao kupita kwangu milele.

"Dada yako ni mfadhili mwenye moyo wa pekee," alisema.

"Huo moyo nimeishi nao miaka sitini na sita. Ni ukaidi."

"Tungependa familia nzima ijione ni sehemu ya zawadi hii."

"Hayo maneno umeyasoma wapi?"

Akacheka kidogo, akaona sicheki, akaacha. Nilimwambia karatasi zake zinafaa kuwashia jiko, ila mwaka huu nina kuni za kutosha. Kofia nimeichukua. Nimeivalisha nguzo ya zizi, na fahali ameshaila nusu.

Septemba 6, Jumapili
Baada ya ibada mchungaji aliniruhusu nizungumze. Mimi si mtu wa kusimama mbele, lakini leo maneno yalikuja yenyewe. Nikawaambia miili itaoza juu ya mawe, na mvua itauteremsha uozo hadi kwenye chemchemi ambayo nyumba kumi na moja tunakunywa. Nikasema fikirini mnawakorogea watoto maziwa kwa maji hayo. Mke wa Dorsey alifunika mdomo kwa mkono.

Saini arobaini na moja za kupinga kabla chakula cha pamoja hakijapoa. Ovella alikuwa kwenye benchi lake la kawaida. Alinitazama tu, akachukua sahani yake ya mkate wa mahindi ambayo hakuna aliyeigusa, akaenda nayo nyumbani.

Septemba 8
Ukungu hadi saa nne. Tumetundika.

Septemba 11
Leo nimeona orodha iliyobandikwa mlangoni kwa Ovella. Kile kituo kinaomba watu wema wachange: miswaki, hata ya bei rahisi; masufuria makubwa ya umeme; mashuka; nguo zilizovaliwa za saizi zote.

"Miswaki ya nini? Maiti wana harufu mbaya ya kinywa?"

"Ya kusafishia mifupa. Brashi za maabara ni ghali, na mswaki unafanya kazi ileile."

"Na masufuria?"

"Unataka nikujibu kweli?"

Sikutaka. Kanisa limemkatalia kuweka sanduku la michango, kwa hiyo ameliweka maktaba. Nilipopita lilikuwa na miswaki miwili na soksi moja. Nafikiri ile soksi ilikuwa ya kumtukana.

Septemba 24
Tumbaku yote imetundikwa. Sasa inangoja hewa iikaushe, na mimi nangoja tumbaku.

Oktoba 3
Nilikwenda duka la pembejeo kununua chumvi ya ng'ombe. Kwenye kaunta alikuwa Loretta Tipton, ambaye amenihudumia miaka kumi na tano bila neno zaidi ya hali ya hewa. Nikaweka mzigo. Akageuza kibao kikaonyesha PAMEFUNGWA.

"Loretta, mimi nipo hapa mbele yako."

"Nakuona. Sikuhudumii."

"Nimekufanyia nini?"

Watu watatu walikuwa nyuma yangu. Hakupunguza sauti hata kidogo. "Mwanangu Janelle alikaa miaka kumi na moja ndani ya sanduku, kwenye kabati la sherifu, kaandikwa namba. Wawindaji walikuta mifupa yake, watu wakasema ni malaya wa madereva wa malori, basi, ikaisha. Mpaka hao unaowaita wala maiti walipolifungua sanduku. Wakasema huyu alivunjika mkono wa kushoto akiwa na miaka tisa. Unajua nani alikuwa pale alipovunjika? Dada yako. Janelle alianguka kwenye ngazi ya shule, na dada yako ndiye aliyekumbuka. Walimpa jina lake, Hobart. Nimemzika akiwa na jina. Nenda kanunue chumvi kwingine."

Nimeendesha maili kumi na mbili hadi duka jingine, na huko chumvi ilikuwa imelowa.

Janelle Tipton namkumbuka. Alikuwa anauza keki za kwaya milangoni. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema habari ya malori. Sikulianzisha neno lile, nililipokea na kulipitisha.

Oktoba 4
Sikwenda kanisani. Goti.

Oktoba 12
Ovella hajasema nami mwezi mzima, tangu siku ya ile orodha ya miswaki. Ukuta wa nyumba yake naweza kuupiga jiwe nikiwa barazani kwangu, na bado ni kama yuko ng'ambo ya dunia.

Oktoba 19
Naandika hili lote leo, la sivyo kesho nitalipunguza.

Asubuhi nilisikia Ovella anaita. Hakuniita kwa jina, alisema tu "Hee!" kama anayefukuza kuku. Nilitoka. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini ya baraza, kwenye baridi, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Nyuma yake, kwenye ngazi za juu, kulikuwa na nguruwe aliyekufa siku nyingi. Wamempasua na kummwaga matumbo mpaka mlangoni. Shingoni wamemfunga kipande cha boksi: MCHANGO WAKO HUU HAPA.

Ovella alikuwa ametoka kuchukua gazeti, akakanyaga, akateleza.

"Mkono umevunjika," alisema. "Mfupa wa nje. Nimeusikia."

"Nani kafanya hivi?"

"Wewe ndiye unayejua marafiki zako."

Nilimwingiza kwenye pikapu nikampeleka hospitali. Njia nzima hakulia. Alinuka uozo, na alikuwa mtu ambaye maisha yake yote amenuka sabuni na chaki. Daktari amemfunga hogo la plasta mpaka juu ya kiwiko. Wiki nane.

Nilimrudisha, nikamlaza, nikaenda kuondoa nguruwe. Ndipo nilipoona masikio. Kila mfugaji hapa ana namna yake ya kukata masikio ya nguruwe wake, na huyu alikuwa amekatwa mara mbili kulia, mara moja kushoto. Namna ya Dorsey. Mimi mwenyewe nimemshikia nguruwe wake wakati anawakata.

Naibu wa sherifu alikuja mchana. Akaniuliza kama kuna kitu nimetambua. Nikasema hapana.

Dorsey ananichambulia nusu ya tumbaku, na bila yeye ningechambua mpaka Pasaka. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa nikiwa nasugua ngazi. Nimesugua mara tatu na bado zinanuka.

Oktoba 20
Nimempelekea Ovella kuni. "Weka hapo."

Oktoba 23
Kuni. "Hapo."

Oktoba 31
Baridi kali ya kwanza. Majani ndani ya bani yamekuwa kahawia vizuri, lakini makavu, ukiyagusa yanavunjika. Bila unyevu hatuwezi kuyashusha.

Novemba 7
Jumamosi ya mpira, barabara zote zimejaa bendera za chungwa, na mimi nampeleka dada yangu shamba la maiti, kwa sababu hawezi kuendesha na hakuna mwingine atakayempeleka. Nyuma ya pikapu kulikuwa na masanduku manne. Loretta amekusanya kwa wateja wake miswaki mia sita, mashuka, na masufuria ya umeme saba. Safari ni saa nzima na robo.

Nilikataa kushuka. Ni jengo la kawaida la matofali nyuma ya maegesho. Msichana mmoja mwenye aproni alitoka kupokea masanduku, akaona miswaki, akamkumbatia Ovella kwa namna ya kuepuka mkono mbovu. Nilipandisha kioo.

Baada ya muda mtu akagonga kioo. Mwanamke wa makamo, nywele fupi, buti zenye tope. Profesa Haas, mkuu wa kituo.

"Wewe ndiye Hobart."

"Wewe ndiye unayemtaka dada yangu awe mjinga."

"Ulishawahi kumwona akiwa mjinga?"

Niligeukia usukani.

"Sikuja kukubembeleza," alisema. "Nimeshazoea kuchukiwa, wanatuandikia barua kila wiki. Nimekuja kukuambia jambo moja, kwa sababu dada yako amevunjwa mkono. Tulileta mpimaji wa maji mwezi wa tano. Chemchemi mnayokunywa inatoka kwenye mwamba ulio juu ya bonde, futi tisini juu. Maji hayapandi mlima. Ukitaka ripoti, ninayo."

Na mimi nikasema, "Najua."

Sijui kwa nini nilisema. Labda ni kwa kuwa hakuwa ananibembeleza.

Nilipogeuza kichwa Ovella alikuwa amesimama upande wa pili wa pikapu, mkono wake mzima juu ya mlango.

Tulikuwa tumefika nusu ya safari ya kurudi alipofungua mdomo.

"Baba alituonyesha ule mwamba siku moja. Mimi na wewe. Ulikuwa na miaka saba, ulitia kichwa chote ndani ya maji."

"Nakumbuka."

"Kwa hiyo siku ile kanisani nilikuwa najua kwamba unajua. Niliketi pale nikangoja useme 'samahani, nimekosea'. Nimengoja miezi miwili."

"Kwa nini hukusimama ukasema mwenyewe?"

"Kwa sababu uongo haukuwa wangu."

Tulipofika kwake nilimfungulia mlango. Alishuka akitanguliza bega la kushoto, polepole, akaingia ndani.

Novemba 14
Mvua nyepesi tangu juzi. Majani yamelainika kama ngozi ya glavu. Tumeshusha safu mbili, tukakaa kwenye chumba cha kuchambulia, jiko linawaka, mimi upande huu, Dorsey upande ule. Ya chini huku, ya katikati huku, ya juu huku. Nilichambua saa mbili kabla sijasema.

"Nguruwe alikuwa wako."

Mikono yake haikusimama. "Nguruwe gani?"

"Dorsey."

"Alikuwa ameshakufa, mzee. Homa. Hatukumuua kwa ajili hiyo."

"Mmemvunja mkono bibi wa miaka sabini na moja. Alikufundisha kusoma ramani."

Hapo ndipo alipoweka majani chini. "Wewe ndiye uliyesimama pale! Ulisema tutawanywesha watoto maiti. Mke wangu ananunua maji ya chupa tangu siku ile, unajua? Nina watoto wanne. Ulitaka nifanye nini, niandike shairi?"

"Maji yanatoka juu. Hayapiti bondeni kabisa."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nilijua tangu nina miaka saba."

Dorsey ana uso mwekundu kwa kawaida. Ukawa mweupe.

"Basi nilimbeba yule nguruwe kwa ajili ya uongo," alisema. "Nilitapika njiani, mzee. Mara mbili. Nikajiambia ni kwa ajili ya watoto."

Alivaa koti. Nikamwambia nitamlipa siku nzima. Akaniambia mahali pa kuitia hiyo siku nzima. Amekwenda, na safu kumi na nne bado ziko juu.

Novemba 15
Nimechambua peke yangu. Kidogo sana.

Novemba 17
Kumekauka. Hakuna kazi. Milio ya bunduki kutwa, ni msimu wa kulungu.

Novemba 26, Sikukuu ya Shukrani
Maharage na mkate wa mahindi. Taa ya jikoni kwa Ovella ilikuwa inawaka, na gari la Loretta lilikuwa uani kwake.

Novemba 29, Jumapili
Nilimwomba mchungaji nafasi. Akafurahi, akadhani nina saini zaidi.

Niliwaambia. Sikupamba. Nikasema maji yanatoka wapi, na kwamba nilijua, na kwamba yaliyotokea barazani kwa dada yangu yalianzia mdomoni mwangu. Dorsey sikumtaja.

Nilidhani watanikasirikia kwa kuwadanganya, kisha watatulia. Sivyo ilivyokuwa. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akauliza, "Wamekulipa ngapi?" Mwingine akasema kwa sauti, "Wamempata na huyu." Wakaanza kutoka, benchi kwa benchi, kama vile mimi ndiye nimeoza. Mwanamke mmoja aliyepika mazishini kwa Jewel alipita karibu yangu akiwa ameshika sketi yake isiniguse.

Wanaupenda ule uongo. Niliwapa mimi, sasa ni mali yao, na hawaurudishi.

Mke wa Dorsey alibaki mpaka mwisho. "Kwa hiyo naweza kunywa?" aliuliza.

"Unaweza kunywa."

"Mungu akusamehe, mzee. Mimi sijui kama nitaweza."

Desemba 1
Sanduku langu la barua limepigwa risasi. Matundu manne, mtu mwenye shabaha mbaya.

Desemba 4
Nilikwenda mjini kwa wakili nikatia saini kurasa zote sita. Nimeongeza kwa mkono wangu: wasizidi maili kumi kwa saa, wafunge geti, wasipite siku ya maziko kilimani kwetu, wasinipe kofia. Prentice alisoma hilo la mwisho mara mbili.

Sikusaini kwa kuwapenda. Bado sipendi kufikiria mtu amelala chini ya jani la mwaloni, macho wazi. Nilisaini kwa sababu nilikuwa nimeshikilia mlango kwa uongo, na mkono uliokuwa unanisaidia kushikilia ulikuwa umebeba nguruwe.

Nilimwambia Ovella kupitia dirisha la jikoni.

"Nimesaini."

"Nimesikia. Umechelewa miezi mitatu na mkono mmoja."

Akafunga dirisha. Baridi ilikuwa inaingia, lakini si kwa sababu hiyo alifunga.

Desemba 9
Mvua. Nimechambua kutoka asubuhi hadi giza. Safu kumi na moja zimebaki.

Desemba 10
Kumi na nusu. Vidole vimepasuka.

Desemba 12
Loretta alinihudumia leo. Hakunitazama.

Desemba 15
Mlango wa chumba cha kuchambulia ulifunguliwa bila hodi. Ovella, ndani ya koti la zamani la baba, hogo limekatwa jana. Akaketi mahali pa Dorsey. Akavuta kijiti, akaanza. Mkono wa kulia haufungi sawasawa, kwa hiyo anashika bua kwa kwapa na kuvua majani kwa kushoto.

Nikasema, "Daktari amekuruhusu?"

"Daktari wangu alikuwa mwanafunzi wangu. Alipata alama ya chini."

Tumechambua safu nzima. Alipoondoka aliangalia rundo langu akasema, "Umechanganya ya chini na ya katikati." Ni kweli.

Desemba 16 hadi 22
Kazi. Anakuja saa mbili, anaondoka saa kumi.

Januari 8
Tumeuza tumbaku. Bei ya kawaida. Ghalani wanaume ninaowafahamu tangu ujana walihamia upande wa pili wa jiko nilipoketi. Nikapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Januari 20
Wajenzi wa uzio. Wanapita maili nane kwa saa, nimewapima. Geti walilisahau mara moja, nikawafuata hadi bondeni nikiwa na fahali nyuma yangu kama shahidi.

Januari 29
Barua ya kutukana, haina jina, ina makosa matano ya tahajia. Ovella ameyasahihisha kwa wino mwekundu na anatamani kujua airudishe wapi.

Februari 9
Mvua siku ya tatu. Asubuhi nilisikia injini inalia, inanyamaza, inalia. Nikajua. Nikavaa buti.

Gari lao jeupe, halina maandishi, lilikuwa limezama hadi kwenye ekseli, pale njia inapokaribia kijito. Kijana wa kiume kwenye usukani, na yule msichana wa aproni nyuma akisukuma, tope mpaka kifuani.

"Samahani sana, mzee," alisema. "Tumejaribu mbao."

"Naona mmejaribu kuchimba kisima. Mwambie huyo aondoe mguu kwenye mafuta."

Kijana alizima. Tukabaki na mvua tu. Nikatazama milango ya nyuma ya gari.

"Kuna mtu humo?"

Walitazamana. "Haturuhusiwi kutaja jina," alisema msichana.

"Sijauliza jina."

"Ni bibi. Alikuwa na miaka themanini na nne. Alitaka kivuli, aliandika kwenye fomu yake, kwa sababu maisha yake yote jua lilimsumbua ngozi. Ndiye wa kwanza kuja hapa." Alifuta tope usoni. "Profesa anatungoja getini. Tulimwahidi binti yake kwamba tutamfikisha vizuri."

Nilikwenda kuleta trekta. Ningeweza kuwaita watu wa kuvuta magari mjini, lakini wangekuja na vicheko vyao na simu zao za kupigia picha. Nilifunga mnyororo chini mwenyewe, nimelala chali kwenye tope, maji yanaingia kwenye kola. Nikasikia kitu kinapigapiga kwenye bati la gari juu yangu. Ilikuwa Ovella, na mwavuli.

"Umefunga kwenye fremu au kwenye bampa?"

"Kwenye fremu, Ovella."

"Bampa litang'oka."

"Nimesema fremu."

Nilipanda nikaweka gia ya chini kabisa. Mnyororo ukakaza. Gari likatoka kwenye shimo kwa sauti kama ya ng'ombe anayezaa, likanifuata.

Huwa napanda ile njia hadi bondeni kwa dakika tatu. Leo nimetumia karibu dakika ishirini. Kila jiwe ninalolijua nililikwepa, na ninayajua yote. Ovella alitembea pembeni, mkono wake mbovu umegusa ubavu wa gari, kama mtu anayemsindikiza farasi.

"Polepole, Hobart."

"Ninakwenda polepole."

"Polepole zaidi. Kuna mzizi pale."

Niliuona. Nikaukwepa.

Getini Profesa alikuwa amesimama bila kofia, maji yanamchuruzika usoni. Nilizima trekta kwa sababu ya kelele zake. Nikavua kofia yangu pia, maana nisingeweza kukaa nayo. Hakuna aliyesali na hakuna aliyenishukuru, na nilifurahi kwa hilo. Vijana walifungua milango. Nikatazama kwingine, juu kilimani, mpaka niliposikia uzio unafungwa.

Nilifungua mnyororo. Wakati wa kushuka Ovella alipanda nyuma yangu, akashika bega langu kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo hajafanya tangu tukiwa watoto.

"Ile sehemu ya kijito itawakwamisha tena," alisema.

"Najua."

"Chuo kitachukua mwaka mzima kuidhinisha kokoto. Ninawajua."

Nilimshusha mlangoni kwake, nikaingia ndani, nikapiga simu machimboni. Malori mawili, Alhamisi, mawe makubwa chini na madogo juu. Yule wa machimboni aliuliza waandike ni kwa ajili ya nani. Nilifikiri kidogo, maji yananidondoka sakafuni.

Nikamwambia aandike ni kwa ajili ya bibi mmoja asiyependa jua.